Anajitafuta: kisa cha mgumu mmoja wa Moshi

Alikuja nyumbani kwangu tarehe 27 Desemba 2025, saa kumi jioni, na karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Shikamoo mwalimu. Marahaba baba, karibu. Akakaa kwenye benchi la barazani, akakataa chai, kisha akakubali. Nilimfundisha kemia kidato cha tatu na cha nne katika shule ya kata huku Kibosho, na ninamjua vya kutosha: akikataa chai mara ya kwanza, ana jambo zito.

Karatasi ilikuwa mkataba wa pikipiki. Alitaka niusome kabla hajaweka sahihi.

Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Nimebadilisha mambo machache asitambulike, naye amesoma kila aya. Tangu Oktoba wamekuja vijana kadhaa na maswali yanayofanana na lake, na majibu wanayopewa, yakiwemo niliyokuwa nikiwapa mimi, naona yanapita pembeni ya mahali panapouma.

Alikotoka

Ana miaka 27, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alifariki 2016. Mama anaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, na kwa desturi yetu Wachaga nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho, kwa hiyo tangu anazaliwa kila mtu amejua kwamba pale ni pake.

Alimaliza shahada ya ualimu, kemia na baiolojia, mwaka 2021. Akajitolea mwaka mmoja sekondari kwa posho iliyotosha nauli. Kila dirisha la ajira lilipofunguliwa aliomba. Mwanzoni mwa 2025 aliitwa kwenye usaili wa walimu, akafaulu maandishi, akakwama kwenye mahojiano. Bodi ya mikopo inamdai, na siku atakayoajiriwa itakata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Aliwahi kuniambia kwamba angefurahi sana kukatwa.

Anapanga chumba Pasua na kijana mwenzake aliyesomea uhasibu hapa hapa Moshi, kwenye chuo kikuu cha ushirika. Huyo mwenzake ni mmoja wa watu 135,027 walioomba kazi TRA, mamlaka ya mapato, mwanzoni mwa 2025, nafasi zikiwa 1,596. Ukigawanya, kila kiti kimoja kilikuwa na watu zaidi ya 80 wanaokinyooshea mkono. Nilipomwambia mwenzake ajaribu tena mwakani aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mzee.

Mwaka 2022 huyu wa kemia akaanza kupanda mlima Kilimanjaro kama mbeba mizigo. Wenyewe wanajiita wagumu, na jina limewakaa. Mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, na juu yake unabeba vitu vyako mwenyewe. Machame ni siku sita au saba, Marangu tano au sita. Mgeni anakwenda kusimama kwenye mita 5,895 na kupiga picha. Mgumu kwa kawaida anaishia kambi ya mwisho, anapumzika kidogo, kisha anakunja mahema.

Uzito wa mzigo ndio watu wanaoujua. Wasichokijua ni namna kazi inavyokuja. Simu inalia saa nne usiku: kesho saa moja uwe geti la Machame. Au hailii, nawe unakwenda kusimama getini na wengine, ukitumaini kundi fulani limepungukiwa mtu. Aprili na Mei, masika ikipiga, wageni ni wachache. Juni hadi Oktoba wanajaa, halafu tena Desemba hadi Februari. Katikati ya misimu anafanya deiwaka wa bodaboda: mwenye pikipiki akiumwa au akienda msibani, yeye anaishika siku hiyo, anapeleka hesabu, yaani malipo ya siku, na kubaki na kinachozidi.

Wagumu wakubwa humsimulia mwaka 2020, nchi ilipopokea watalii 620,867 kutoka 1,527,230 mwaka uliotangulia. Mlima haukwenda popote. Ni watu waliokuwa wanaishi kwa kuubebea mizigo ndio walioambiwa wasubiri.

Siku tano za Oktoba

Tarehe 25 Oktoba usiku alipigiwa simu ya safari ya Marangu, siku tano. Alikuwa amejiandikisha kupiga kura kituo cha kijijini kwao, na kura ilikuwa Jumatano ya tarehe 29. Kwetu huwezi kupigia kura kituo usichojiandikisha, na mlimani hakuna sanduku. Alichagua safari. Nauliza kila anayetaka kumlaumu: kodi ya chumba ilikuwa imechelewa majuma matatu, wewe ungechagua nini?

Aliniambia pia kwamba hakuona kama anaacha kitu kikubwa. CHADEMA ilikuwa imeondolewa kwenye uchaguzi tangu Aprili, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Huyu kijana hana kadi ya chama chochote. Alichosema ni hiki, nami nilikiandika usiku ule ule ili nisikisahau: "Mwalimu, sikuwa na hasira. Niliona tu kama ni mkutano wa ukoo mwingine."

Tarehe 29 walikuwa Horombo, mita 3,720, wakishuka. Horombo kuna intaneti ya kasi tangu Agosti 2022, na wagumu wameizoea kama wanavyozoea uji. Siku hiyo hakuna kilichofunguka. Kesho yake walipofika geti la Marangu wakasikia kwa midomo ya watu: maandamano Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Arusha, risasi, watu wamekufa. Intaneti ilizimwa nchi nzima hadi mwanzoni mwa Novemba.

Mwenzake wa chumba alikuwa Arusha, kibarua kwenye jengo upande wa Ngarenaro. Hakupokea simu siku nne. Alirudi tarehe 4 Novemba akiwa mzima wa mwili. Alichokiona huko hajakisema kwa mtu, nami sijamuuliza. Kuna maswali ambayo ukimuuliza kijana unajituliza wewe tu. Tangu siku hiyo alikaa chumbani zaidi, akawa anajibu kwa neno moja.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 14 Novemba Rais Samia Suluhu Hassan, akilihutubia Bunge jipya Dodoma, alitoa pole kwa waliofiwa, akatangaza tume ya uchunguzi na kutaka vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma vijana waliokamatwa kwa kufuata mkumbo. Siku chache baadaye ikaundwa wizara ya vijana chini ya ofisi yake. Sherehe za uhuru za tarehe 9 Desemba zikafutwa. Siku hiyo wawili hawa walishinda ndani na mlango umefungwa, wakapika ugali mara moja.

Safari mbili alizokuwa ameahidiwa Novemba zilifutwa, wageni walighairi. Hapo ndipo mkataba wa pikipiki ulipopata nafasi ya kuingia.

Neno lenyewe

Ukimuuliza kijana wa Moshi au Arusha anafanya nini siku hizi, atakwambia: najitafuta. Akifanikiwa watasema amejipata. Nimelisikia neno hili miaka mingi bila kulisikiliza. Linasemwa kwa kujikinga, ili usiulize zaidi, lakini ndani yake kuna madai makubwa: kwamba mtu huyu amepotea, na kwamba mwenye wajibu wa kumtafuta ni yeye mwenyewe.

Wanaomshauri wameshika uzi huo huo. Kwenye semina ya vijana aliambiwa ajue kusudi lake, aandike ndoto zake kwenye karatasi. Kanisani aliambiwa asali na kungoja. Mjomba alimwambia avumilie, maana yeye alianza na baiskeli. Mimi kwa miaka minne nilimwambia atulie, ajira zitatoka. Hilo langu ndilo linaloniuma, kwa sababu nililisema bila kufikiri, na yeye alilichukua kama neno la mwalimu.

Hebu tumwangalie vizuri. Anajua anachokiweza: nimemwona akimweleza mtoto wa jirani mlinganyo wa kemia kwa kutumia maharage, na mtoto akaelewa. Anajua anachokipenda. Kila mtu anajua alipo. Huyu hajapotea. Nilimwomba anieleze mwaka wake wa 2025, si kazi alizofanya bali mambo yaliyomwondokea, akanitajia matatu.

La kwanza kikoba. Walikuwa watu 15, kila Jumapili kila mmoja shilingi 10,000. Julai na Agosti Jumapili tatu zilimkuta mlimani. Pesa alikuwa nayo, mwili ulikuwa Shira. Mara ya tatu wakamtoa kwa mujibu wa katiba yao, bila ugomvi, na mwenyekiti akamrudishia hisa zake mkononi.

La pili mchumba. Baba wa binti, mtu wa Rau, mstaarabu, alimuuliza swali moja tu: lini? Hakuuliza kiasi gani. Kijana akajibu "Mungu akipenda", na mzee akaelewa kwamba Mungu ameingizwa hapo kuziba pengo. Uchumba ukafa polepole, hata leo hana tarehe ya kuutajia.

La tatu ni dogo, lakini ndilo alilolitaja huku akitazama chini. Dada yake alimwomba awe anampeleka mwanawe kliniki kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mtoto ana shida ya mguu. Alikwenda mara mbili. Ya tatu akaitwa mlimani. Dada hakumlaumu, aliacha tu kumwomba.

Yote matatu yanasema jambo moja. Kazi ya kuitwa saa nne usiku inachukua kitu kingine zaidi ya usingizi: inachukua uwezo wa kuahidi. Ahadi ni deni, na mtu mwaminifu asiyejua kesho atakuwa wapi huacha kukopa. Anaanza kusema "tutaona". Baada ya mwaka mmoja au miwili watu wema wanaomzunguka, bila kumchukia, wanajifunza kutomtegemea. Kisha anabaki na uhuru wote wa dunia na hakuna anayemngoja mahali popote siku yoyote. Hali hiyo ndiyo anayoiita kujitafuta.

Ndiyo maana simwamini anayeitenganisha siasa na kazi kwenye kisa hiki. Kura nayo ni ahadi ya tarehe, kwa pande mbili: mimi nitakuwepo siku hii, nawe utawajibika kwangu siku ile. Kijana aliyezoea kutomwahidi mtu na kutoahidiwa na mtu ataiona kura kama mkutano wa ukoo mwingine, mpaka siku moja hasira imkute yuko barabarani. Mmoja alikuwa Horombo, mwingine Ngarenaro, na chumba chao ni kimoja.

Babu yake hakuwa tajiri, lakini alikuwa na kalenda. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliungana kwenye chama chao mwaka 1925, kikazaa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na kwa miaka mingi malipo ya kahawa yalikuwa na msimu unaojulikana. Babu aliweza kumwambia mwalimu mkuu: kahawa ikilipwa nitaleta ada. Ahadi ile ilishika kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chama, na nyuma ya chama kulikuwa na makubaliano ya dunia yaliyopanga kiasi ambacho kila nchi iuze. Mwaka 1989 makubaliano hayo yalivunjika na bei ikaanguka. Wengi walikata mibuni, wakapanda nyanya. Baba wa kijana huyu ni kizazi kile kilichoendelea kusema "kahawa ikilipwa" wakati maneno yenyewe yameshakwisha nguvu.

Karatasi

Sasa mkataba. Hesabu shilingi 10,000 kila siku, siku sita kwa wiki, miezi 14, kisha pikipiki ni yake. Nilipiga hesabu pale pale: zaidi kidogo ya milioni tatu na laki sita. Si bei nzuri, ingawa nimeona mbaya zaidi. Aliyemletea ni mtu wa Majengo, na anasifika kuwa mkweli.

Nilimuuliza kwa nini anautaka. Nilitegemea aseme kipato. Akasema, "Una tarehe ya mwisho." Ilikuwa karatasi ya kwanza tangu chuo iliyomwambia kwamba akifanya jambo fulani hadi siku fulani, kitu fulani kitakuwa chake. Nilikaa kimya kidogo, maana kama ningekuwa na umri wake ningeisaini.

Lakini kifungu cha saba kilisema akikosa hesabu siku tano mfululizo, mwenye chombo atakichukua, na alicholipa hakirudi. Ahadi inakwenda upande mmoja. Mwenye pikipiki hatoi neno lolote kuhusu siku ya ajali, siku ya homa, au juma zima mji umejifungia ndani kama ilivyokuwa Oktoba. Hatari yote ambayo mlima ulikuwa ukimpa bila karatasi, huyu alikuwa akimpa kwa karatasi na mhuri. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia akisaini sitamwona mjinga.

Njia ya pili ilikuwa ya mwenzake: kuondoka. Kuna mtu anapeleka vijana Uarabuni kazi za ulinzi, anataka pesa mbele. Hiyo tuliizungumza kwa dakika tatu. Mtu anayetaka pesa mbele bila ofisi inayojulikana hajadiliwi.

Ya tatu hakuitaja yeye. Niliitaja mimi, naye akakunja uso. Kihamba. Ninajua kwa nini alikunja. Kwa msomi kurudi nyumbani ni kuonekana umeshindwa, hasa Krismasi, majirani wanaposhuka kwenye magari yao kutoka Dar. Na ardhi yenyewe ni chini ya nusu eka, imegawanywa vizazi vitatu. Mibuni ni ya babu, mizee, inaliwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kule Lyamungo kimetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini mche unataka kama miaka mitatu mpaka uzae vizuri. Kwa kipato, kihamba hakiwezi kumlisha. Nisingependa mtu asome hapa kwamba ninawaambia vijana warudi shamba. Hotuba hiyo wameisikia kutoka kwa watu wasioshika jembe.

Nilichomwonyesha ni kitu kingine. Kihamba chao kinapata maji kwa mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka korongoni, na kila kaya ina siku yake na saa yake. Zamu yao ni Alhamisi alfajiri, saa kumi na moja hadi saa mbili. Kuna siku za kuzibua mfongo ambazo kila kaya inatoa mtu, na asiyekuja analipa faini. Tangu baba afariki, mama yake, mwenye miaka 68, ndiye anayekwenda kufungua maji gizani, au anamlipa mtu. Pale pana mahali patupu penye umbo lake, na siku inayojulikana, na watu wanaomngoja bila kujali mgeni amekuja au hajaja.

Nikamwambia: usihamie. Usiache mlima. Chukua Alhamisi tu.

Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Januari na Februari ni kiangazi, ndipo maji ya mfongo yana thamani. Na Januari na Februari ndipo wageni wa mlima wanajaa. Siku ninazotakiwa kule ndizo ninazotakiwa huku, mwalimu. Nitaahidije?

Sikuwa na jibu. Tulikunywa chai ya pili. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akaondoka bila kuniambia ataisaini au la.

Hakuisaini. Nilijua hilo Alhamisi ya pili ya Januari mama yake aliponipigia kusema kijana amelala nyumbani na ameamka kabla yake. Alikuja tena iliyofuata. Na Jumamosi, kwa hiari yake, akawakalisha wanafunzi wanne wa kidato cha nne chini ya mti wa mparachichi na kuwafundisha. Mmoja analeta mayai, wengine hawaleti kitu. Pesa haikuongezeka. Kodi ya Pasua bado anailipa kwa shida, na dirisha la ajira likifunguliwa ataomba tena, na mimi nitaandika barua ya mdhamini tena.

Halafu ikaja ile siku. Jumatano moja ya Februari, saa nne usiku, simu ikalia: kesho geti la Machame, siku saba. Ilikuwa safari yake ya kwanza mwezi ule. Alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "Imefika mwalimu," na sikujua nimjibu nini, kwa sababu ningemwambia akatae ningekuwa mwongo, na ningemwambia aende ningekuwa nimebomoa nilichomwambia Desemba.

Alikwenda. Saa kumi na mbili asubuhi mama yake akanipigia, akinong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu mwingine ndani.

"Mwalimu, kuna kijana mgeni hapa kwenye mfongo. Mwembamba, haongei. Amesema anakaa chumba kimoja na mwanangu, ametumwa afungue maji. Ameshafungua. Nimemwambia aje anywe chai, amesema mpaka saa mbili, zamu ikiisha."

Nikamwambia ampe jembe dogo, lile la mpini mfupi, maana upande wa chini udongo hubomoka.